Ukimya wa Julai si ushahidi kwamba ndege hawapo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nichangie habari mliyoichapisha mwezi Agosti kuhusu mgogoro wa wanakijiji na mwekezaji wa machimbo ya kokoto katika mkoa wetu wa Tanga. Masuala ya fidia na nyufa za nyumba nawaachia wanaoyajua vizuri zaidi. Kilichonifanya nishike kalamu ni aya mbili fupi zilizohusu ndege, ambazo nadhani wasomaji wengi walizipita haraka. Katika aya ya kwanza, mzee mmoja wa kijiji alinukuliwa akisema kwamba tangu baruti zianze kulipuliwa ndege wa msitu wa jirani wametoweka, kwa kuwa alfajiri hasikii tena nyimbo alizozizoea. Katika aya ya pili, ripoti ya mshauri mwelekezi aliyeajiriwa na mwekezaji ilieleza kwamba eneo hilo lina ndege wachache tu wa kawaida, na kwa hiyo kupanua machimbo hakutakuwa na athari ya maana. Kazi ya mshauri huyo, kwa mujibu wa habari yenu, ilifanyika kwa siku chache za mwezi Julai.

Pande hizi mbili zinapingana karibu katika kila jambo, lakini hapa zimejenga hoja zao juu ya msingi mmoja, yaani ukimya wa asubuhi za kipupwe. Upande mmoja unasema ukimya huo unaonyesha madhara yaliyokwisha kutokea, na upande wa pili unasema unaonyesha kwamba hapakuwa na cha kudhuriwa. Ninavyoona mimi, ukimya huo hauthibitishi dai la upande wowote, kwa sababu ndege wengi wa msituni hupunguza sana kuimba alfajiri katika miezi hiyo kila mwaka, hata pale ambapo hakuna baruti, hakuna shoka wala hakuna mwekezaji.

Sauti za ndege si za aina moja, na tukizichanganya hatutaelewana. Mlio ni sauti fupi ambayo ndege huitoa mwaka mzima kwa haja ya papo hapo, kama vile kumwonya mwenzake kwamba kipanga anapita au kujulishana walipo wanapotafuta chakula mtini, na hutolewa na dume, jike na hata kinda. Wimbo ni sauti ndefu iliyopangwa, ambayo ndege wa kundi la waimbaji, wakiwemo kurumbiza, chozi na chiriku, hujifunza wangali wadogo kwa kuwasikiliza wakubwa wao, na ambayo huimbwa kwa kusudi maalumu. Vitabu vingi tulivyofundishia shuleni vilisema mwimbaji ni dume peke yake, maana viliandikwa na watu wa Ulaya kuhusu ndege wa Ulaya. Uchunguzi mpana uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika zaidi ya nusu ya spishi zilizochunguzwa majike nao huimba, na katika nchi za joto jambo hilo si la ajabu hata kidogo. Kurumbiza wa bustanini, yule mwenye kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho na kifua cha rangi ya chungwa, huimba akijibizana na mwenzi wake. Hata hivyo nitawazungumzia zaidi madume, kwa kuwa uimbaji wao wa alfajiri ndio unaopanda na kushuka kwa majira waziwazi zaidi, na ndio ambao mzee wa kijiji anaukumbuka na mshauri mwelekezi hakuusikia.

Dume huimbia hadhira mbili kwa wakati mmoja. Madume wenzake huwajulisha kwamba eneo hili lina mwenyewe, na jike humjulisha kwamba mwenye eneo yupo na ana nguvu. Hadhira ya pili ndiyo inayofanya wimbo wa alfajiri uwe wa msimu. Mwaka 1987 mtafiti Ruth Mace alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu Parus major, ndege mdogo wa misitu ya Uingereza, akaonyesha kwamba dume huimba alfajiri kwa muda mrefu kuliko wakati wote katika siku zile ambazo jike wake anataga, na kwamba huendelea kuimba karibu na tundu alimolala jike mpaka jike huyo atoke asubuhi. Jike akimaliza kutaga na kuanza kuatamia, wimbo wa alfajiri hupungua. Naomba msomaji alitafakari hilo kwa makini, kwa sababu linapindua namna tuliyozoea kufikiri: ndege aliyenyamaza anaweza kuwa ndiye mwenye kiota chenye mayai, na yule anayeimba bila kuchoka hadi jua kali anaweza kuwa kapera aliyekosa mwenzi. Kelele nyingi si lazima ziwe dalili ya mafanikio, wala ukimya si lazima uwe dalili ya msiba.

Mabadiliko haya si ya tabia peke yake, kwani mwili wenyewe hubadilika. Katika ndege wa nchi za baridi, mwanga wa siku zinazorefuka hupenya fuvu na kufika ndani ya ubongo, ambako kuna chembe zinazouhisi moja kwa moja bila kupitia machoni. Ubongo huamuru tezi zitoe homoni, korodani zilizokuwa zimenywea wakati wa baridi hukua mara mia kadhaa kwa ujazo, na homoni ya testosteroni inayotoka humo humsukuma dume aimbe. Mwaka 1981 Fernando Nottebohm wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alionyesha kwamba kwa kanari dume, ambaye ni ndugu wa karibu wa chiriku wetu, sehemu ya ubongo inayoongoza wimbo huwa kubwa karibu maradufu wakati wa kuzaliana ikilinganishwa na miezi ya baadaye mwakani. Kwa sisi tuliofundishwa kwamba ubongo wa kiumbe aliyekomaa haujengwi upya, hiyo ilikuwa habari nzito, lakini tafiti zilizofuata zimeiunga mkono. Kuzaliana kukiisha, homoni hushuka, na ndege huanza kupukutisha manyoya ya zamani ili aoteshe mapya. Katika wiki hizo huruka kwa shida na hana sababu yoyote ya kujitangaza kwa kipanga, hivyo hujificha majanini akawa kimya.

Msomaji anaweza kuuliza mambo haya ya siku kurefuka na kufupika yanatuhusu nini sisi tunaoishi karibu na ikweta. Swali hilo ni la haki. Mjini London tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote inakaribia saa 9. Hapa Muheza tofauti hiyo haifiki dakika 40, na Nairobi ni dakika 10 hivi. Kama ndege wetu wangengoja mwanga peke yake uwaambie kwamba msimu umefika, huenda wangengoja sana. Kwa hiyo mambo mengine, hasa mvua na chakula kinacholetwa na mvua, yana uzito mkubwa zaidi kwetu kuliko kule.

Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 1928 Mwingereza Reginald Moreau alifika Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo, akakaa huko hadi mwaka 1946. Ndege hawakuwa kazi aliyoajiriwa kuifanya, lakini aliwachunguza kwa bidii ambayo waajiriwa wengi wangeionea haya, akitegemea mno macho na masikio ya wasaidizi wa hapo hapo, akiwemo Salimu Asmani, ambaye jina lake lingestahili kujulikana mkoani kwetu kuliko linavyojulikana sasa. Mwaka 1950 Moreau alichapisha uchambuzi mrefu wa majira ya kuzaliana ya ndege wa Afrika. Alionyesha kwamba, ingawa katika ukanda wa joto karibu kila mwezi kuna ndege fulani anayetaga mahali fulani, kila kundi lina majira yake kulingana na chakula chake. Ndege wanaokula wadudu hufuata mwanzo wa mvua, na wanaokula mbegu huchelewa mpaka nyasi zikomae. Kwa ndege wa msitu wa milimani unaokaa kijani mwaka mzima, kilele cha kutaga huangukia miezi ya joto inayoanza karibu na vuli, na katika miezi ya baridi ya katikati ya mwaka viota huwa vichache mno. Haya yalijulikana kutokana na msitu ulio umbali mdogo tu kutoka machimbo yanayogombaniwa, miaka mingi kabla mshauri mwelekezi hajaamua kwenda kusikiliza ndege mwezi Julai.

Sitaki pia mtu adhani kwamba ndege huamshwa na mvua kama mbegu iliyofukiwa ardhini. Mjerumani Eberhard Gwinner alichukua ndege wa jamii ya Saxicola kutoka Kenya, wale wadogo wenye kichwa cheusi wanaopenda kutua juu ya vichaka vya nyanda za juu, akawafuga nchini mwake katika vyumba ambamo taa ziliwaka kwa saa 12 na kitu kila siku bila kubadilika. Hawakuona mvua wala siku kurefuka. Hata hivyo, mwaka baada ya mwaka, korodani zao ziliendelea kukua na kunywea na manyoya yao kupukutika na kuota kwa zamu, ingawa mzunguko wenyewe haukuwa wa miezi 12 kamili. Ndege ana kalenda ndani ya mwili wake, na mvua, joto na wingi wa wadudu ni vitu vinavyoirekebisha kalenda hiyo isiende mrama.

Huku Muheza mwaka wa ndege unakwenda takriban namna hii. Mwezi Septemba joto linapoanza kurudi, baadhi ya madume hujaribu sauti zao asubuhi, wimbo ukiwa bado umekatika vipande vipande. Mvua za kwanza za vuli zinaponyesha, kumbikumbi hutoka ardhini, viwavi huongezeka kwenye majani machanga, na chakula cha kulelea makinda hupatikana kwa wingi. Hapo ndipo kurumbiza anayeishi nyuma ya michungwa anapoanza kuimba kungali na giza la kutotambuana sura. Huanza chinichini, kwa kibwagizo cha sauti chache kinachosikika kana kwamba kinatoka shamba la tatu, hukirudia kwa kasi zaidi na kwa nguvu zaidi, akakirudia tena na tena mpaka kichaka kizima kinarindima, kisha hukata ghafla na kuanza kibwagizo kingine. Kiangazi cha Januari na Februari uimbaji hulegea, hasa vuli ikiwa imekosa kunyesha vizuri. Masika huuamsha tena kwa ndege wengi wa mashambani. Kisha kusi hushika, baridi huingia, na ingawa kurumbiza hanyamazi kabisa, huimba kwa muda mfupi zaidi na kwa kujivuta, na wengine wengi wa msituni hubaki na milio tu.

Si wote wanaofuata ratiba hiyo. Kweche, kwa kuwa ni mla mbegu, huzaliana nyasi na mpunga vikishashika punje, na katika miaka yenye masika ndefu unaweza kumwona dume akiwa bado amevaa manyoya yake mekundu wakati majirani zake wa msituni wamekwisha kunyamaza. Baada ya hapo wekundu wote humtoka, akabaki na rangi ya hudhurungi yenye michirizi, asitofautike kwa urahisi na jike. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba kweche wamekwisha huku kundi zima la kweche likiokota punje mbele yao. Yanayompata kweche machoni mwetu ndiyo yanayompata mwimbaji wa msituni masikioni mwetu, ila kwa huyu wa msituni hatuna hata fursa ya kumtazama, kwani amefichwa na majani, na akinyamaza ni kana kwamba hayupo.

Kuhusu saa nako kuna la kusema, kwa sababu ripoti nyingi za namna hii hutaja tarehe zikaacha saa. Wimbo wa alfajiri una muda wake mfupi, na hapa kwetu huangukia kati ya adhana ya Alfajiri na muda mfupi baada ya jua kuchomoza. Wataalamu hawajaafikiana juu ya sababu moja ya kuchagua wakati huo. Wako wanaosema hewa huwa imetulia na sauti hufika mbali bila kupotoka, na wako wanaosema mwanga haujatosha kutafutia wadudu lakini unatosha kuimbia. Mimi nadhani sababu hizo zote zina sehemu yake. Lililo wazi zaidi ni kwamba kila spishi ina zamu yake. Utafiti uliofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba ndege wenye macho makubwa kwa kulinganisha na miili yao huanza kuimba mapema zaidi, kwa sababu huweza kuona kukiwa na mwanga hafifu. Mwezi nao huchangia. Katika Kalahari, Afrika Kusini, watafiti waliofuatilia ndege wa jamii ya kwera mwenye nyusi nyeupe, ambaye yupo pia katika nyika za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, waligundua kwamba dume mkuu wa kundi huanza wimbo wake wa alfajiri mapema zaidi mwezi mpevu ukiwa bado uko angani. Ndege huyo anafaa sana kwa mjadala wetu, kwa kuwa kundi lake hupiga kelele za pamoja mwaka mzima kulinda eneo, lakini wimbo wa pekee wa dume mkuu, ule wa kabla ya mapambazuko, ni wa msimu wa kuzaliana. Mtu akifika nje ya msimu atasikia kelele nyingi na bado atakuwa ameukosa wimbo huo.

Huku kwetu jua la Novemba huchomoza karibu na saa 12 kamili asubuhi, na la Julai huchomoza zaidi ya nusu saa baadaye. Anayetoka nyumba ya wageni baada ya chai, akapanda gari na kufika msituni saa 2, amekuta waimbaji wamekwisha kwenda kutafuta riziki, mwezi uwe wowote ule.

Ipo sababu nyingine ya kuutilia shaka mwezi Julai, nayo ni wageni. Kuanzia karibu na Oktoba hadi Aprili tunapokea ndege wengi wanaotoka Ulaya na Asia. Katika hoteli ya Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969 wataalamu na wanaojitolea wamekuwa wakiwanasa ndege hao kwa nyavu katika usiku wa ukungu, wakiwavisha pete miguuni na kuwaachia, hasa mwezi Novemba na Desemba. Baadhi yao huimba wakiwa huku. Nightingale, ambaye Wazungu wamemtungia mashairi kwa karne nyingi wakidhani ni wa kwao peke yao, hukaa miezi hiyo katika vichaka vya pwani ya Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania, na sauti yake husikika humo. Ndege mwingine, marsh warbler, anayepita Tsavo akielekea kusini zaidi, hujifunza sauti za ndege wa Afrika na kuzichanganya katika wimbo wake. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1979 baada ya kuwasikiliza madume nchini Ubelgiji, alitambua katika nyimbo zao sauti zilizoigwa kutoka kwa zaidi ya spishi 100 za Afrika. Utafiti wa Zambia uliochapishwa mwaka 2016 nao ulipendekeza kwamba wahamiaji wanaoimba wakiwa Afrika huenda wanafanya mazoezi ya nyimbo watakazozitumia kwao kuwavuta majike. Mshauri aliyehesabu ndege Julai hakuweza kumkuta hata mmoja wa wageni hawa, kwa kuwa walikuwa Ulaya wakilea makinda yao.

Sasa nirudi kwenye ripoti yenyewe. Msitu mnene hauhesabiwi ndege kwa macho. Njia iliyozoeleka ni mtu kusimama mahali pamoja kwa dakika kadhaa na kuandika kila ndege anayemwona au kumsikia, kisha kusogea hadi kituo kingine na kurudia, na msituni sehemu kubwa ya orodha hutoka masikioni. Hii ina maana kwamba idadi inayopatikana ni idadi ya ndege waliotoa sauti, wala si idadi ya ndege waliopo. Mshauri anayelijua hilo atakwenda msimu wa kuimba na saa ya kuimba, au angalau ataandika wazi kwamba alikwenda msimu usiofaa na kwamba hesabu yake ni ya chini. Kuandika kwamba ndege ni wachache na kuishia hapo, huku mwezi ukiwa Julai, ni kumhesabu mwenye nyumba kuwa hayupo kwa sababu hakuitika hodi. Sidai kwamba ilifanyika kwa hila. Huenda ratiba ya mkopo wa mwekezaji ndiyo iliyoamua mwezi, kama inavyotokea mara nyingi. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haikuweka tathmini ya athari kwa mazingira ili kutimiza ratiba ya mkopo.

Kwa upande wa wanakijiji, ningewasihi wasiuache mlango huo huo wazi kwa wapinzani wao. Huenda ni kweli kabisa kwamba baruti na mitambo ya kusaga mawe vimewadhuru ndege. Kelele za kudumu hufunika wimbo, na dume asiyesikika hana namna ya kulinda eneo wala ya kupata mwenzi. Taa za usiku nazo zina madhara yake, kwani utafiti wa karibu na Vienna uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha madume ya ndege mmoja wa msituni yakianza kuimba mapema zaidi pale yalipoishi jirani na taa za barabarani. Kwa hiyo nayachukulia malalamiko ya mzee yule kwa uzito. Ila hoja yake itasimama imara akilinganisha Novemba ya sasa na Novemba za kabla ya machimbo, saa ile ile na mahali pale pale, akitaja na mvua za mwaka husika, kwa kuwa vuli iliyoshindwa huchelewesha nyimbo hata kusipokuwa na baruti. Akilinganisha Julai ya mwaka huu na masika anayoikumbuka, wakili yeyote wa mwekezaji atamshinda kwa swali moja.

Kulinganisha kwa namna hiyo hakuhitaji mitambo. Jijini Nairobi wanachama wa Nature Kenya wamekuwa wakitoka kila Jumatano asubuhi kutazama ndege tangu miaka ya 1970, na thamani kubwa ya kazi yao ni kwamba haikatiki mwezi hadi mwezi. Hapa nchini mradi wa Tanzania Bird Atlas umekusanya kumbukumbu za ndege kwa mahali na kwa mwezi, na mshauri yeyote angeweza kuanza kwa kuuliza huko ni ndege gani wanajulikana katika mraba wa ramani unaohusika kabla hajaandika neno wachache. Shule za sekondari zilizo karibu na misitu zina walimu wa biolojia na wanafunzi wanaoamka alfajiri kwa lazima, wapende wasipende. Daftari moja lenye tarehe, saa, hali ya hewa na majina ya ndege waliosikika, likijazwa kila wiki kwa miaka michache, lingekuwa na nguvu mbele ya kikao chochote kuliko malalamiko yasiyo na tarehe.

Ninaloliomba ni kwamba Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kabla ya kutoa uamuzi kuhusu upanuzi huo, litake hesabu nyingine ya ndege ifanyike vuli hii, ianze kabla ya mapambazuko, na ripoti itaje mwezi na saa za kila kituo. Nanyi wa chumba cha habari, mtu akiwaambia kwamba ndege wameongezeka au wametoweka mahali, mwulizeni alisikiliza lini na saa ngapi, na mlichapishe jibu lake pamoja na dai lake. Iwapo mtamtuma tena mwandishi wenu kijijini hapo, naomba afike Novemba, alale huko huko, na awe ameamka adhana inapoanza.

Mwalimu mstaafu wa biolojia,
Muheza, Tanga.